Yahusu: Kurudishiwa Mume Wangu Kama Alivyokuwa Kabla ya Semina

Kwa Mkuu wa Idara ya Mafunzo,
Kiwanda cha Magodoro.

Ndugu Mkuu,

Salamu nyingi zikufikie hapo mezani pako. Natumaini u mzima, na kama una mwenzio nyumbani, natumaini naye ni mzima, maana mimi mwenzi wa mfanyakazi wako si mzima sana.

Mimi ni mke wa yule mkata sponji wenu, yule mrefu anayesimama kwenye mashine ya mwisho karibu na mlango wa kupakilia, ambaye wenzake humwita Kimya. Kazi yangu ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu, na sijawahi kuandikia kiwanda chenu hata siku moja. Hata lile godoro mlilompa zawadi lilipobonyea katikati, tukawa mimi na yeye tunakutana bondeni kila asubuhi tupende tusipende, nilinyamaza. Lakini hili la semina, ndugu yangu, limenifika hapa, na hapa ninapopaonyesha ni kooni.

Utakumbuka mlikuwa na semina ya uwezeshaji kwa ajili ya wasimamizi. Msimamizi wa mume wangu akaumwa tumbo, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimeshapangwa na chai imeshachemshwa, mkamchomoa mume wangu kwenye mashine mkamkalisha pale ajaze nafasi. Sina ugomvi na elimu. Elimu haina mwisho, na mimi mwenyewe cherehani hii inasomesha watoto. Ugomvi wangu ni kwamba mlimfundisha kuendesha mikutano mtu ambaye kazi yake ni kukata sponji, kisha mkamrudisha kwenye mashine inayonguruma, ambako hata ukipiga mbinja hakuna anayegeuka. Sasa elimu yote ile aipeleke wapi? Ameileta kwangu.

Mume niliyewapa asubuhi ile alikuwa mtu wa kuingia, kuvua viatu, kula, kusema "haya" na kulala. Mliyenirudishia aliingia na cheti, kalamu nene za rangi na zile karatasi kubwa mnazoziita bango kitita. Akasimama mlangoni, akatutazama wote, akatuuliza tumekuja na matarajio gani. Tumekuja wapi, Ndugu Mkuu? Sisi tunaishi hapa.

Haya yote ningeyameza. Mwanamke aliyeolewa humeza mengi. Ila sasa yameingia kwenye posa ya binti yangu mkubwa na kuivuruga, na ndiyo sababu nimeiacha kazi ya watu mezani nikashika kalamu. Nakuandikia malalamiko yangu kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Kanuni. Siku ya kwanza tu alibandika kanuni za nyumba ukutani, palepale nilipotundika kioo cha wateja. Mteja akijaribu gauni sasa hajioni, anasoma "Simu ziwe kimya" na "Heshimu wazo la mwenzako". Kuna mmoja alitaka gauni la kubana. Nilipomwambia litampasukia, aliuelekeza mkono ukutani, kwenye hilo la kuheshimu wazo. Nikaliheshimu. Likampasukia mbele ya wakwe zake, na sasa hasalimii.

Kanuni mbaya kuliko zote ni ile isemayo hakuna jibu la makosa. Kitinda mimba wangu ameipeleka shuleni. Nimeitwa na mwalimu wa hesabu, nikakalishwa kwenye dawati la watoto, magoti yakaja karibu na masikio, nikaelezwa kwamba mwanangu hakosi kama wenzake wanavyokosa. Anakosa, halafu anamshukuru mwalimu kwa mtazamo wake tofauti.

2. Muhtasari wa jana. Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mtu mmoja lazima asimame aeleze jana tulifanya nini na tulijifunza nini. Zamu ya kitinda mimba ilipofika, wifi yangu alikuwa amelala kwetu. Mtoto akasimama, akakohoa kama baba yake, akasema kwamba jana mama alimwambia jirani kuwa shangazi huja na mkoba mtupu na kuondoka nao umevimba. Na tulichojifunza, akasema, ni kuficha sukari. Baba yake akamsifu kwa kumbukumbu nzuri, akaagiza apigiwe makofi. Wifi naye akapiga, Ndugu Mkuu, polepole, huku akinitazama. Akaondoka asubuhi hiyohiyo. Na mkoba, nisiseme uongo, ulikuwa umevimba.

3. Mrejesho. Mmemfundisha kwamba ukitaka kumwambia mtu kosa lake umsifu kwanza, kisha umwambie, kisha umsifu tena ili asiumie. Zamani chakula kikizidi chumvi mume wangu alikunywa maji tu, nami nikaelewa, yakaisha. Siku hizi anaweka kijiko chini, ananipongeza kwa kuthubutu kupika, anasema chumvi ni eneo linalohitaji kuboreshwa, halafu anamalizia kwa kusifu sahani. Sahani! Nikipandisha sauti ananishukuru kwa mchango wangu. Wewe unayesoma barua hii, umewahi kugombana na mtu anayekushukuru? Unabaki na hasira mikononi hujui uitue wapi.

4. Maegesho. Karibu na cherehani yangu kuna karatasi nyingine imeandikwa juu "Maegesho". Alivyonieleza, swali zuri ambalo muda wake haujafika huegeshwa pale, lijibiwe baadaye. Nilimuuliza lini atapanda kuziba bati linalovuja juu ya kichwa changu. Likaegeshwa. Nikauliza tena kesho yake. Akaliwekea tiki, kuonyesha kwamba swali limeungwa mkono. Mvua ikanyesha, ikavuja, ikateremka ukutani mpaka kwenye ile karatasi, swali likafutika. Alipokuja kutazama akasema ni vizuri, kwa kuwa halipo tena kwenye maegesho, basi limeshughulikiwa.

5. Hili linamhusu mama mkwe, naye amekaa nyuma yangu hapa akijifanya anachambua maharage, kwa hiyo nitaliandika kwa adabu. Mama mkwe amechaguliwa kuwa mtunza muda. Alipita bila kupingwa, kwa kuwa aliyesimamia uchaguzi ni mwanawe. Amepewa kijiko na kifuniko cha sufuria, na mtu akizidisha maneno anakigonga. Mama huyu alikuja kwetu na maumivu ya magoti, ya mgongo na ukosefu wa usingizi, na yote yamepona. Mimi tangu siku hiyo sijamaliza sentensi. Nampenda sana mama mkwe wangu, Mungu amzidishie miaka.

6. Sasa ndilo lenyewe.

Binti yangu mkubwa ni msusi. Amempata kijana fundi friji, mtulivu, ana adabu zake, hata friji yangu aliitengeneza kabla hajasema kilichomleta. Wazazi wake wakatuma habari kwamba watakuja Jumapili kuleta posa. Nilifagia mpaka uani kwa jirani. Nikamshika mume wangu mikono yote miwili, nikamwambia siku hiyo akae, atabasamu, aseme "karibuni" na "tumesikia", basi. Akaniambia amenisikia. Na mimi mjinga nikafurahi.

Wageni walipofika walikuta meza ya usajili mlangoni.

Ndiyo, Ndugu Mkuu. Mtu amevaa nguo yake ya heshima, amekuja kumwombea mwanawe mke, anaambiwa asaini hapa na achukue beji. Kila mmoja alibandikwa jina kifuani kwa pini zangu za kushonea. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suti na mkongojo uliopakwa vanishi. Pini ikamchoma. Akasema "aa" kwa heshima kubwa, akaingia. Wakaambiwa wajitambulishe, na kila mtu ataje mnyama anayefanana naye. Jamani! Baba wa kijana aliitazama dari muda mrefu, akasema labda mbuzi. Mama wa kijana akasema yeye hana mnyama, akaambiwa ajisikie huru. Kaka yangu, dereva wa lori, ambaye ndiye niliyemtegemea anisaidie, akasema yeye ni simba, na akanguruma. Hapo ndipo nilipojua niko peke yangu.

Tukahesabiwa moja, mbili, tatu, tukagawanywa vikundi. Nikajaribu kueleza kwamba posa ina pande mbili, wao na sisi, na ndivyo watu wote wenye akili wanavyofanya. Kifuniko kikagongwa. Baba wa kijana akaangukia kundi la kaka yangu, wakapelekwa kukaa jikoni. Binti yangu, aliyekuwa amejifungia chumbani kwa haya zake, akaitwa, akafanywa mwenyekiti wa kundi ambalo ndani yake yumo mama mzazi wa mchumba. Bibi yake kijana, mzee sana, aliyeletwa ili akae tu kikao kipate baraka, akapewa kalamu nyekundu. Na kazi ya vikundi ilikuwa hii: andikeni matarajio na hofu zenu kuhusu ndoa hii.

Ndugu Mkuu, hata mtoto anajua kwamba posani hofu haiandikwi. Hofu husemwa njiani, mkishatoka, mkiwa mmekunja kona. Lakini hawa waliandika! Na wakawasilisha! Kundi la jikoni liliandika hofu kwamba kijana anamsikiliza mno mama yake. Kaka yangu aliisoma kwa sauti ya lori. Kundi la pili likaandika hofu kwamba msichana huyu, kama walivyosikia, huchelewa kuamka. Na aliyesimama kuisoma ni msichana mwenyewe, maana ndiye mwenyekiti. Akasoma vizuri, herufi kwa herufi, kisha akaongeza kwamba kundi lilijadili na kukubaliana kuwa ni kweli. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Sijui lilifikaje mezani. Kundi la tatu halikuwasilisha kitu, kwa sababu bibi alikuwa bado anaandika.

Mjomba akaona anusuru hali. Akasimama na hotuba yake, ile aliyoitayarisha nyumbani, ya ua zuri waliloliona bustanini mwetu. Hata kwenye bustani hajafika, kifuniko gwaa! Mama mkwe akamwambia ahsante, muda wako umekwisha. Mtu aliyewapigia wengine kengele maisha yake yote akakaa chini. Ndipo baba wa kijana akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, sasa posa yenyewe imekubaliwa au vipi? Mume wangu akamshukuru kwa swali zuri. Akaliegesha.

Waliondoka kila mmoja na cheti cha ushiriki kilichoandikwa kwa mkono, pamoja na karatasi ya tathmini inayouliza ni mada ipi iliwagusa zaidi. Nikabaki mlangoni nikiwapungia, nao wakipunga kwa vyeti.

Tangu hapo hatujasikia neno. Simu hawapigi, salamu hawatumi. Kijana mwenyewe akibanwa anasema nyumbani bado wanajadili, na hasemi wanajadili nini. Binti yangu anasuka huku machozi yanamtoka, na juzi mteja wake aliondoka na njia za nywele zimekwenda kila upande kama mchwa waliomwagiwa maji. Mtoto wangu anampenda yule kijana. Na mimi nampenda, siyo kwa ajili ya friji tu. Naumia, Ndugu Mkuu, naumia kweli, na aliyeniumiza ananiuliza kila jioni nimejifunza nini kutokana na maumivu hayo.

7. Hili si lalamiko, ni haki. Magodoro yenu yana dhamana. Mteja akiuziwa lenye kasoro hulirudisha, nanyi mnambadilishia bila kelele. Sasa mimi niliwapa mume mzima, tuseme na kasoro zake za kawaida. Mkamfungua, mkamjaza kitu ambacho hakikuwemo, mkamfunga, mkanirudishia. Kama dhamana inalinda sponji, haiwezi kushindwa kumlinda anayeikata. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote yafuatayo:

(a) Mume wangu achukuliwe, akalishwe kwenye semina ya kuyasahau yote. Mkufunzi awe mtu asiyejua kuongea. Karatasi kubwa zisiwepo, wala kalamu za rangi, na chai apewe bila kuulizwa anajisikiaje.

(b) Cheti chake kifutwe, na tangazo libandikwe getini kwamba alifeli. Tafadhali msimwambie kwa ukali. Ana moyo mwepesi, na cheti kile amekiwekea fremu kwa mabaki ya mbao za chaga za kitanda.

(c) Mwezeshaji wenu aliyeendesha semina ile aende mwenyewe kwa wazazi wa kijana, awaeleze kwamba yaliyotokea Jumapili ile ni ajali ya kazini kama ajali nyingine, na kwamba kiwanda kinawapa pole.

(d) Wakikataa, itabidi Idara yako initafutie mchumba mwingine wa hadhi ileile, anayejua friji, na ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote. Nimeulizauliza mtaani, nasikia mtu wa namna hiyo siku hizi hapatikani. Basi kama una kijana wako wa kiume, Ndugu Mkuu, mtayarishe. Aje akiwa ameshachagua mnyama.

Nisipopata majibu nitakuja ofisini kwako na ukoo mzima. Tutapanga viti duara, tutakaa, na mama mkwe atakuja na vifaa vyake vya kazi. Sikutishi. Nakujulisha tu ratiba.

Namalizia hapa, si kwa kuwa maneno yamekwisha, bali kwa kuwa kifuniko kimeshagongwa. Nisalimie katibu muhtasi wako, nasikia ni mtu mwema. Msalimie mlinzi wa getini, wapakiaji wote, wakata sponji wenzake na mpishi wa chai ya semina, ambaye hana kosa. Yule mwezeshaji msalimieni kwa mbali. Watoto wanakusalimu, kaka yangu dereva anakusalimu kwa kunguruma, hatujui jinsi ya kumzuia. Mama mkwe naye anakusalimu, na anasema ukijibu, ujibu kwa ufupi.

Ni mimi, katika masikitiko yenye mpangilio,

Mke wa Kimya,
Fundi cherehani.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, hodi ikapigwa. Ni mjomba mwalimu mkuu, na suti yake, na beji ya jina kifuani. Ameibandika mwenyewe.

Anasema wanamtaka binti yetu kuliko mwanzo. Mama wa kijana ametamka kwamba msichana anayeweza kusoma kasoro yake mbele ya watu bila kununa hajapata kumwona, na wa namna hiyo acha alale mpaka saa atakayo. Kilichowachelewesha ni bibi. Aligoma jibu lisiletwe mpaka amalize kuandika. Anasema ameshakaa kwenye posa za watoto wake wote na wajukuu wake wote, amevalishwa, amekalishwa, amelishwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza yeye anaonaje. Karatasi ameijaza mbele na nyuma, akaomba nyingine. Wanataka mume wangu aendeshe na vikao vya harusi. Binti yangu amenirukia shingoni, karibu aniangushe na mkasi mkononi.

Mjomba alipoondoka, mume wangu alivuta kigoda, akakaa hapa karibu na mguu wa cherehani. Akaniuliza mimi je, binti akienda kwake, naogopa nini. Nimeolewa na mtu huyu, nimezaa naye, watoto wamekua, na hakuwahi kuniuliza jambo ambalo jibu lake haliko kabatini wala jikoni. Nililia kwanza. Kisha nikamjibu, na lilikuwa jibu refu, akalisikiliza lote.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, futa namba zote hapo juu pamoja na herufi zake. Mume simrudishi. Mkijaribu kumgusa mtanikuta getini. Nasikia kuna semina ya hatua ya pili; tuandikie nafasi mbili, mimi na yeye. Nafasi ikiwa ni moja tu, nipeni mimi. Yeye inatosha hapo alipofika.